Mkono wa Chumvi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakuuona mkono wa mume wangu. Ule hata ukiwa mtupu unalambika, na maji ya kunywa utayatafuta baadaye.

Nimemtania kwa jambo hili tangu tukiwa vijana, naye ameniachia nitanie, kwa hiyo msinione sina adabu. Jasho la mikono yake linakula chuma. Akishika bisibisi jioni akaiacha bila kuipangusa, asubuhi utakuta vidole vyake vimebaki pale, vyekundu, mstari kwa mstari, kama mtu aliyetia dole gumba kwenye hati ya shamba. Funguo za nyumba yetu zilikuwa zikikatikia ndani ya kufuli. Saa ya mkononi aliyoachiwa na marehemu baba yake ilitoboka mgongoni, akaivua akaifungia kabatini kwa huzuni. Mafundi wenzake walimwita Chumvi, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akaanza kulitumia.

Sasa angalia mambo ya Mungu. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo, kazi aliyoipenda toka utotoni ni kutengeneza cherehani. Nasema kutengeneza, si kushona. Watu wakisikia "fundi cherehani" wanaleta nguo. Ameletewa suruali za kupanua kiuno maisha yake yote. "Mimi natibu mashine," huwaambia. "Suruali yako haiumwi, ni wewe uliyenenepa." Yeye hata kifungo hajui kukishona, vifungo vyake vyote nimevishona mimi.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango unaofunguka barabarani na dirisha pana linaloingiza jua la asubuhi. Kila chuma alikishika kwa kitambaa. Vidogo alivishika kwa koleo. Kabla ya kuanza alinawa kwa sabuni, akajisugua majivu mpaka viganja vikakakamaa, kisha akachovya ncha za vidole kwenye mafuta ya mashine. Mteja mgeni alidhani huyu bwana anajisikia, anaogopa uchafu. Kumbe alikuwa akiikinga mashine ya mteja dhidi yake mwenyewe.

"Kutu inataka vitu viwili tu," alikuwa akisema, "maji na hewa. Mnyime kimoja, anakufa njaa." Kwake kutu alikuwa mtu. "Chumvi yenyewe haili chuma. Chumvi ni kuwadi tu, kazi yake ni kuwakutanisha." Mafundi wenzake walipenda sana kumsikia Chumvi akimtukana chumvi.

Mimi mkono wangu ni mkavu. Nikishika chuma ni kama hakijashikwa. Yeye anadai alinipenda kwa sura na tabia. Mwongo. Alikuja nyumbani kwetu kutengeneza cherehani ya mama, mimi nikamshikia lile gurudumu la pembeni akiwa anakaza skrubu, na aliporudi baada ya siku kadhaa kulikagua akalikuta jeupe, halina hata alama. Akaniangalia mkono, akaniangalia uso, akamwomba mama maji ya kunywa ili apate kukaa zaidi. Mshenga alifuata muda si mrefu.

Tulipata mtoto mmoja, wa kike. Alipoanza kutembea alikuwa mtu wa chumba cha mbele, kila siku kuchezea vyuma chakavu chini ya meza ya baba yake. Asubuhi moja mume wangu aliingia jikoni ameshika kipande cha bati la chuma kwa kitambaa, uso umempwaya. Juu ya kile kipande palikuwa na vidole vyekundu, vitano, vidogo kama punje za mahindi.

"Nimemrithisha," alisema.

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilimwambia damu ni nzito kuliko maji, lakini jasho lako wewe limevishinda vyote viwili. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kigoda na kile kipande magotini. "Nilikuwa naomba achukue mkono wako," alisema. "Kila siku nilikuwa naomba hivyo. Mkono mzuri, wa kukaa na chuma." Nikamwambia mtoto mzima, ana macho mawili na akili zake, ashukuru.

Basi walianza urafiki wa wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja. Alipoingia shule walipanga chupa dirishani, kila chupa na msumari wake: mmoja kwenye maji matupu, mmoja kwenye maji ya chumvi, mmoja kwenye siki, mmoja kwenye maji ya magadi, mmoja kwenye mafuta, na mmoja kwenye maji yaliyochemshwa yakafunikwa mafuta juu ili hewa isipite. Mtoto alikuwa akiamka na kwenda kuisalimia misumari kabla ya kutusalimia sisi. Wa chumvi ulikuwa wa kwanza kuvaa nyekundu. Wa maji matupu ukafuata taratibu. Wa magadi ulikaa mweupe mpaka tukauchoka, na wa kwenye maji yaliyochemshwa pia, na hilo ndilo lililomshangaza, kwamba chuma kinaweza kulala ndani ya maji kisiguswe. Wa siki ulifubaa na kutoa mapovu madogo, lakini alipoutoa na kuuanika, kufumba na kufumbua ulikuwa mwekundu kuliko yote.

"Siki inasafisha kwa kuchuna ngozi," baba yake alimwambia. "Ukishachunwa ngozi, kila nzi ni wako."

Binti alipokua alisema anataka kushona. Mume wangu alijaribu kumzuia, si kwa ukali, kwa kumweleza. Fundi mashine akitoka jasho anajipaka mafuta, mambo yameisha. Mshonaji hawezi kujipaka mafuta, atachafua kitambaa. Na asipojipaka, sindano itashika kutu, na sindano yenye kutu ikipita kwenye kitambaa cheupe inaacha nukta ya rangi ya chai ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. "Utakuwa katikati ya mafuta na kutu," alimwambia. Binti akajibu, "Basi nitakaa hapohapo katikati, baba. Si pana nafasi?" Mdomo huo alirithi kwangu.

Na alikaa. Alijipaka poda viganjani kama mama anayempaka mtoto. Sindano zake alizichoma kwenye kifuko alichokijaza majivu makavu. Alipohitimu, baba yake alimpa mkasi wa kukatia, mkubwa, mikono yake myeusi na mabapa yake matupu yanayong'aa, akampa na kanuni moja: usiulaze uchi. Kila jioni alipofunga chumba chake cha kushonea aliupangusa, akaupaka poda, akauvika kitambaa kikavu, ndipo akaenda nyumbani kwa mumewe. Hata siku ya harusi yake mwenyewe alituma mtu akahakikishe mkasi umevikwa. Watu walianza kumwita Fundi Cherehani, na mume wangu akafurahi kweli. Sasa suruali zikiletwa alikuwa na pa kuzielekeza. "Fundi cherehani wa kweli yuko mtaa wa nyuma," alisema, "mimi ni baba yake tu."

Binti yetu alikuwa na mtoto wa kike wa kubebwa mgongoni alipougua. Mkwe wetu ni dereva wa malori ya safari ndefu na siku hiyo alikuwa njiani. Binti alikuwa kazini akikata kitambaa cheupe, akahisi baridi, akamwambia jirani wa mlango wa pili, "Nishikie mtoto, nijilaze kidogo." Ilikuwa homa ya mapafu. Hospitali walifanya waliyoweza, sina neno nao. Mkwe wetu alifika akamkuta bado anapumua, akashika mkono wake, na mpaka leo ananiambia mkono ule ulikuwa umelowa. Mwanangu alituacha kabla jua halijazama, na mimi sikulia siku ile. Nililia baadaye, kwa vitu vidogo, kama kuona poda dukani.

Bibi mzaa baba alimchukua mtoto, mji wa mbali. Mila na busara zilisema hivyo, nasi tulikuwa wazee tayari. Kikabaki chumba cha kushonea, kina nguo za watu.

Tulienda mimi na mume wangu, baada ya wageni wa msiba kutawanyika. Nguo zilizokamilika nilizikunja niwapelekee wenyewe. Juu ya meza kilikuwapo kile kitambaa cheupe kimekatwa nusu, na juu yake mkasi, umefunguka mdomo. Ulikuwa uchi. Siku ile moja tu, katika miaka yote ya kazi yake, alikuwa ameulaza uchi.

Mume wangu alitoa kitambaa mfukoni bila hata kufikiri, akaushika, akaugeuza kwenye mwanga ili aupanguse. Mkono wake ukasimama hewani.

"Njoo uone," aliniambia.

Kwenye bapa la juu palikuwa na dole gumba. Jekundu, zima, mistari yake yote imezunguka vizuri. Na katikati ya mistari palipita kijistari kitupu, kisicho na kutu, kimekaa upande. Wote wawili tulikijua. Binti alipokuwa anajifunza, sindano ya mashine ilimpita kwenye kidole gumba, pakabaki kovu, na kovu halitoki jasho. Ni yeye. Picha zake tunazo, lakini picha anapiga mtu mwingine. Hili alilipiga mwenyewe, kwa jasho la homa ile ile iliyomwondoa.

Mume wangu alikaa chini, kwenye vipande vya vitambaa. Mtu aliyefuta kutu maisha yake yote, msukumo wa kwanza wa moyo wake ulikuwa kufuta, na kitambaa bado kilikuwa mkononi. Alikitupa mbali kama kimemuuma.

Tuliubeba mkasi nyumbani ndani ya sanduku la viatu, kama yai. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kutu haikai kama ilivyo. Ukiifuta, imekwenda. Ukiiacha, inakula. Dole lile lingeendelea kutambaa, mistari ingeungana, na baada ya muda lingekuwa doa tu kama doa la msumari wowote wa uani. Mume wangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitaka kuizuia kutu isiende mbele na isirudi nyuma, na kazi ya namna hiyo hakuwahi kuifanya.

Basi alikata vipande vya chuma bapa, akavisugua msasa mpaka vikawa vyeupe, akaviwekea dole gumba lake mwenyewe, akavipanga dirishani mahali zilipokuwa zile chupa. Vikishashika kutu alivijaribia dawa. Dirisha zima lilijaa madole gumba ya mume wangu, utadhani tumehamia kituo cha polisi. Wateja walisubiri, mashine zao zikalala kwenye meza. Mimi niliwaambia fundi anaumwa, na sikusema uongo.

Siki ililifuta dole kama halikuwahi kuwapo. Ndimu vivyo hivyo. Mafuta ya taa yaliilegeza kutu, ikatoka na mafuta. Mafuta ya mashine yaliizuia, lakini mistari ilianza kuogelea ndani yake na kuchanganyikana. Nta ya mshumaa ilishika vizuri, ila ilipogongwa ilibanduka na kubeba dole lote chini yake. Vanishi ilikuwa nzuri kwa macho, brashi ndiyo iliyoharibu. Maji ya magadi yaliituliza, yakaacha ukoko mweupe juu ya kila kitu. Kila asubuhi aliamka, akatazama, akatikisa kichwa. Na kila asubuhi alilifungua sanduku la viatu, akaona wekundu umesogea kidogo tena.

Dawa niliitoa mimi, na sikuijua kuwa ni dawa. Nilikuwa nasugua birika letu la chuma la chai, nikasema kwa kujisemea tu, "Hili birika ndani ni jeusi tititi, lakini kutu hata siku moja." Akauacha mlango wa chumba cha mbele wazi, akaja jikoni, akalichungulia birika kama mtu anayechungulia kisima.

Tulichemsha majani ya chai mpaka yakawa machungu na mazito. Kwenye kipande cha majaribio alidondosha tone tone, kwa unyoya, bila kugusa. Wekundu uligeuka samawati iliyoiva, kisha mweusi. Mistari ilibaki. Alilisubiri siku nyingi, halikusogea. Akajaribu lingine, na lingine. Siku aliyofanya kwenye mkasi wenyewe alinipa mimi unyoya. "Mkono wangu sio wa kuaminiwa," alisema. Nilidondosha mimi. Dole la mwanangu likawa jeusi mbele yetu, zima, na kovu lake katikati, na yeye akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Nilidondoshea na mafuta kidogo juu yake, tukalifunika.

Tangu hapo, kila jioni akishafunga kazi alilifungua lile sanduku. Lile dole alikuwa hawezi kuligusa, na alijua kwa nini. Kwa hiyo aliniita. "Wewe mwenye mkono mkavu," aliniambia, "liguse kwa niaba yangu."

Nililigusa. Niliweka kidole gumba changu juu ya lile la mwanangu, polepole, kisha nikapangusa na kutia mafuta upya.

"Yukoje?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Baridi," nilimwambia. Ni chuma, kingekuwaje? Lakini niliona uso wake ulivyoshuka. Siku iliyofuata alipouliza nilisema, "Leo ana joto kidogo." Akatabasamu. Na kusema kweli nilipolisema nikalihisi, joto la kidole changu mwenyewe likinirudia. Ikawa ndiyo salamu yetu ya jioni. Leo ana joto. Leo anafanya kazi. Leo amechoka kidogo. Nilikuwa nadanganya na kuomboleza kwa wakati mmoja, na nisingeacha hata kwa dawa.

Sijui ni lini nilianza kuona. Pembeni ya weusi palikuwa na wekundu mpya. Nikadhani ni macho yangu. Kisha nikaona lile dole limepanuka, limekuwa pana kuliko la mwanamke yeyote, na ile mistari inapishana kama njia za mbuzi. Kisha siku moja nililitafuta kovu, nikalitafuta kwa dirisha na kwa taa, halikuwapo.

Nikamgeukia. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Umeligusa," nilisema.

"Nilinawa," alisema. "Nilinawa kwa sabuni. Nilijisugua majivu."

"Mara ngapi?"

"Ukienda jikoni. Kila siku ukienda jikoni. Wewe unasema ana joto, mama. Na mimi nilitaka kumsikia."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwambia amemla mtoto wetu kwa mkono wake, na yeye akaitika, "Ndiyo," kama anaitikia jina lake. Kisha nguvu zikaniishia, nikakaa karibu naye kwenye benchi la wateja, tukaliangalia lile doa. Lilikuwa doa tu. Alikuwa amelipenda mpaka limekwisha, na mimi nilikuwa nimemtuma kwa uongo wangu wa joto. Maji yakimwagika hayazoleki, na kutu nayo ni hivyo hivyo. Nililia pale kwa sauti, kilio kile cha siku ya kwanza kilichokuwa kimechelewa.

Baada ya hapo mume wangu alikuwa mtu wa kujikalia. Mashine alitengeneza, maneno yalipungua. Watu waliokuja na suruali aliwapokea kimya na kuzirudisha kimya.

Kilichomwinua ni habari kwamba mkwe wetu anamleta mtoto, shule zimefungwa. Tulikuwa tunamwona kwa nadra, na kila alipokuja alikuwa mtu mwingine. Safari hii alikuwa na pengo mbele na maswali mengi. Nilimwona babu yake anamtazama mikono wakati anakula. Nikajua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hilo hilo.

Asubuhi iliyofuata babu alichukua kipande cha chuma, akakisugua msasa, akakipitishia majivu, akakisugua tena mpaka ukaweza kujiona. Mtoto alikuwa uani anaruka kamba na watoto wa jirani. Aliruka mpaka nywele zikamganda kwenye paji la uso. Babu akamwita.

"Njoo tufanye mchezo. Weka dole gumba lako hapa. Kandamiza."

"Kwa nini, babu?"

"Chuma kinataka kukujua."

Akakandamiza huku ulimi umetoka kwenye pengo. Babu akaweka lake pembeni ya la mtoto. Kisha akakiweka kipande dirishani, akasema kisiguswe mpaka kesho. Mchana kutwa hakuna aliyefanya kazi ya maana nyumba ile. Mimi niliunguza chakula. Niliomba nikiwa jikoni, niliomba nikiwa nafua: Mungu, mpe mtoto huyu mkono mbovu. Mpe jasho la mama yake. Haribu funguo zake zote.

Kulipokucha nilimkuta mume wangu keshasimama dirishani. Nikasogea. Upande wa kushoto lilikuwapo dole gumba lake, jekundu, limejaa, kama siku zote. Upande wa kulia chuma kilikuwa cheupe. Nilikiinamia karibu mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu. Kilikuwa cheupe kabisa.

Mtoto akaja anajipikicha macho. "Babu, langu halipo," alisema. "Nimekosea?"

Mume wangu alichuchumaa mbele yake. Akaushika ule mkono mdogo, akaufungua, akaupapasa kiganja kwa ncha za vidole vyake.

"Hujakosea, mama," alimwambia. "Mkono wako ni mzuri. Mkono mzuri sana, wa kukaa na chuma. Ni wa bibi yako huu. Niliuomba siku nyingi." Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyapangusa.

Mimi nilijiangalia mkono wangu. Niliringia mkono huu maisha yangu yote, nikamcheka nao mwanamume mpaka akanioa. Siku ile, kama ningepata pa kuutupa, ningeutupa.

Siku ya wao kuondoka aliutoa mkasi kwenye sanduku la viatu. Hakuniuliza. Aliusugua kwa ndimu na majivu, akapitisha msasa laini, akafuta lile doa lote mpaka bapa likawa jipya kama siku aliyolinunua. Kisha poda, kisha kitambaa kikavu. Akampa mkwe wetu amtunzie mtoto mpaka mikono yake itoshe kwenye pete za mkasi. Mtoto akadai kuubeba mwenyewe, ameukumbatia kifuani.

"Mama yako alikuwa na kanuni," babu alimwambia. "Usiulaze uchi. Lakini wewe hata ukisahau, mkasi utakusamehe."

Lori lilipokata kona tulirudi ndani. Kile kipande cha chuma bado kiko dirishani, kwenye jua la asubuhi. Dole lake yeye ameliacha lijilie, sasa limekula mpaka chini. Ule upande mwingine, kila siku kabla ya kufungua kazi, ananawa, anajisugua majivu, anachukua kitambaa kipya na tone la mafuta, anaupangusa taratibu, akizunguka pale pale mahali mtoto alipokandamiza. Nikimwuliza anapangusa nini, ananijibu, "Dole la mjukuu wangu." Hapana kitu pale. Nami humshikia kopo la mafuta.